Kidole cha Sita

Jumapili. Mawingu yamejaa hapa kwetu Wamunyu tangu asubuhi, lakini ni yale ya kutembea tu, mvua hayana. Mimi niko sawa. Nyumbani ndiko hakukuwa sawa.

Mtoto wa ndugu yangu Mutua ana wiki moja na bado hana jina. Kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hivyo huyu alikuwa Kioko, kama marehemu baba yetu, kabla hata hajalia. Na Mama alipaswa kumwita "mume wangu" kwa utani, kama nyanya wote hapa.

Shida ni mikono. Kando ya kila kidole cha mwisho kuna kingine, kidogo kama punje ya mbaazi, kinaning'inia kwa ngozi. Na kucha kiko nayo.

Mama alivihesabu mara mbili. Akasema jina la mume wake halipewi mikono ya watu wa Mitaboni.

Mitaboni ndiko kwao Mwende, mke wa Mutua. Mutua, mchongaji kama mimi, ambaye huongea na magogo zaidi kuliko na watu, akarudi kuchonga. Jana Mwende alianza kukunja nguo zake arudi kwao.

Shule niliiacha, kitabu cha Biolojia sikukiacha. Kinasema kila mzazi humpa mtoto nakala yake ya kila jeni. Kuna ugonjwa wa kujificha, kama ualbino: nakala moja haionyeshi kitu, mpaka zikutane mbili, ya baba na ya mama. Wazazi hawana dalili, mtoto anayo, na kijiji kinamlaumu mama peke yake. Baba aliyetoa nusu yake anapewa pole.

Na kuna ugonjwa wa kutawala. Huo hauhitaji mwenzake. Mzazi mmoja akiwa nao inatosha, na kila mimba ni kama kurusha shilingi. Vidole vya ziada mara nyingi ni hivyo, ingawa kuna wakati vinamruka mtu na kutokea kwa mtoto wake.

Basi swali lilikuwa rahisi: nani mwingine anavyo? Watu wa Mitaboni walipokuja kumwona mtoto, niliwasalimia wote kwa mkono, pole pole. Vitano, vitano, vitano. Nikaangalia sisi. Vitano. Nikaona kitabu kimenitupa.

Leo baada ya kanisa Mama akaja na uzi wa kuvifunga vile vidole mpaka vikauke na kuanguka.

Mwende akamfunika mtoto kwa leso. "Mama, nesi alisema tusifunge. Tungoje daktari, vinaweza kuoza."

"Huyo nesi amezaa wangapi? Leta mkono. Vikianguka, ndio tuongee mambo ya jina."

Huku akingoja, akaanza kutengeneza fundo. Kitanzi, kitanzi kingine, vuta. Hakuangalia hata mara moja. Mimi ni mchongaji. Mkono unaojaribu naujua, na uliozoea naujua.

"Mwaitu," nikamuuliza Mama, "hilo fundo umewahi kumfunga nani?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani ako na vidole?"

Mutua akageuza mkono wake wa kulia. Kando ya kidole cha mwisho ana kinundu kigumu ambacho miaka yote tumekiita sugu ya tezo, kishoka chetu cha kuchongea. Akageuza wa kushoto. Kipo pia. Mkono wa kushoto haushiki tezo.

Wangu hauna kitu. Shilingi yangu ilianguka upande ule mwingine.

"Nyanya yenu angenirudisha kwetu na huyu Mutua mgongoni," Mama akasema, bila kututazama. "Nikafunga kabla hajahesabu."

Vilitoka kwake au kwa marehemu? Hakusema. Marehemu hawezi kutuonyesha mikono, na ya Mama ilikuwa tayari chini ya leso yake.

Mwende alimtoa mtoto tu, akamweka mapajani pa Mama, vidole kumi na viwili.

Uzi ukaanguka chini, hakuna aliyeuokota.

"Mume wangu," akamwambia, "mbona umechelewa hivi?"

Nguo za Mwende zimerudi sandukuni. Kesho wanampeleka Kioko kwa daktari. Mimi nina simba wa mbao wa kupiga msasa, lakini najua nitakaa tu nikiangalia mikono ya wenzangu pale karakana, nikijiuliza ni wangapi walifungwa kabla ya kuhesabiwa.