Akishatoka Huyu, Nani Atafuata?

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Salamu zako nshazipata. Mama yako hajambo, ila goti langu ndilo lililonigomea. Umeniuliza umjibu nini fundi cherehani uliyemwajiri dukani kwako huko Dodoma, aliyekwambia kuhusu mwenzake, "Akibaki yeye, mimi naondoka."

Nilipokuwa mpishi wa hoteli hapa Mji Mkongwe, mwenzetu Rehema alimwambia mpishi mkuu mbele ya watu kuwa tui lake limekatika. Na kweli lilikatika. Mpishi mkuu akavua aproni, akamwendea meneja: "Chagua mmoja, yeye au mimi." Hoteli imejaa wageni, meneja akaogopa. Rehema akajitanda kanga yake, akatoka, hata chai hakumaliza.

Tukadhani yamekwisha. Haukupita mwezi, mpishi akavua aproni tena, na safari hii aliyetakiwa kutoka ni mimi. Nikangoja niulizwe kosa langu. Meneja hakuuliza. Alinionesha mlango bila hata kunitazama.

Mpaka leo nikipita pale, mate huwa machungu. Basi huyo fundi akirudi kutaka jibu, wewe muulize, "Nikishamtoa huyu, kesho utamtaka nani?"

Bibi yako,
Asha