Siku Basi Lilipokaribia Kuniacha Roma

Naserian, mjukuu wangu,

Huku Kitengela tuko salama, na mamako anakusalimu. Umeuliza kama nami niliwahi kuogopa ugenini.

Nilikuwa karani kijana, nikizunguka Italia kwa basi na kwaya yetu. Roma kiongozi wa ziara alituharakisha kutoka kanisa hadi kanisa, nikapotezana na wenzangu, na basi lilikuwa karibu kuondoka. Nikamwendea bibi mmoja muuza maua, nikainamisha kichwa aniguse, kama vijana wa kwetu wanavyosalimu wazee. Alisita, kisha akaniwekea kiganja utosini. Hapo nikaweza kutaja kanisa lililokuwa karibu na basi, akanishika mkono, akanipeleka hadi huko.

"Karani, tulishagawana sanduku lako," wenzangu wakanitania.

Woga haukuniisha siku hiyo. Ulipungua tu, nikaweza kutembea.

Koko, nyanya yako