Usukani wa Sentimita Thelathini na Nane

Oudenaarde, Jumanne, tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu Wilfried,

Salamu zikufikie huko Uhispania wewe, Monique, na yule mbwa wenu anayevalishwa sweta kwenye nchi ya jua. Natumaini goti limetulia na kwamba Monique bado anakuvumilia, maana sisi huku tulishindwa. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naenda haja kwa wakati, na Hilde mwanangu anaviandika vyote vitatu kwenye daftari.

Unajua nilianguka mwezi wa tatu kwenye mawe ya mtaa wa kanisa, mtulinga ukavunjika na usukani wa baiskeli yangu ukapata ufa. Hilde akanichukua nikae kwake, ghorofa ya tatu, mpaka nipone. Nimepona, lakini bado nipo. Dirisha langu linatazama barabara inayopita mtoni. Kila Jumapili saa tatu asubuhi wenzetu wa chama cha baiskeli wanapita pale chini, matumbo yamebanwa ndani ya zile fulana za njano, na kila Jumapili wananipungia mkono. Wilfried, sijui kama umewahi kupungiwa mkono na Etienne yule mwenye mguu mmoja mfupi, wewe uko nyuma ya kioo na bakuli la supu. Usiombe.

Mwezi wa tano nilimwambia Hilde nataka kurudi barabarani. Hakukataa, mjanja yule, amemrithi mama yake. Alinipeleka kwa Femke, binti anayewapima waendesha baiskeli kwa timazi na kompyuta ili chombo kimkae mtu mwilini. Femke alinizungusha kama fundi nguo anayempima bibi harusi mnene. Akasema mfupa umeunga ukiwa mfupi, bega la kulia limeingia ndani, kwa hiyo usukani wangu wa zamani hata usingepasuka usingenifaa tena. Nilihitaji ule uliopinda kama pembe za kondoo, upana sentimita thelathini na nane, pembe zisishuke sana wala zisiende mbele mno. Na kwa kuwa fremu yangu ni ya kizamani na nimekataa kuibadilisha, kati yake uwe mwembamba, uingie kwenye shingo ya zamani, kile chuma kinachoushika. Femke akasema, "Babu, siku hizi wanatengeneza minene. Huo utautafuta sana."

Hilde aliposikia hivyo alitabasamu. Tulipofika nyumbani aliandika karatasi: baba akipata usukani wenye vipimo vya Femke, ruhusa kuendesha. Asipopata kabla ya kermesi, sikukuu ya mji ya mwisho wa Agosti, baiskeli inauzwa, na baba anakwenda kwa masista, kwenye nyumba ya wazee, chumba kipo. Nikatia sahihi. Mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na minne nilidhani thelathini na nane ni thelathini na nane tu. Akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la kamba wa baharini, nikawa naisoma kila nikienda kuchukua maziwa.

Wa kwanza ulitoka Italia. Umeandikwa thelathini na nane, nikaufunga, nikapanda pale sebuleni huku nimeegemea kabati, nikabanwa kifua kama niliyevaa suti ya komunyo ya kwanza. Kupima kwa tepu, thelathini na sita. Nilimpigia simu muuzaji nikamwita mwizi, akaniuliza kwa upole, "Mzee, umepima wapi?" Nikamwambia jikoni. Kumbe yule fundi wao anapima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na Femke anapima katikati ya bomba hadi katikati ya bomba. Miaka sitini nimekaa juu ya baiskeli sikulijua hilo. Wewe pia hukulijua, usijifanye.

Basi nikawa mwerevu. Nikaagiza wa arobaini kwa Mholanzi mmoja, nikijua ukitoa mbili zinabaki thelathini na nane. Mholanzi naye alikuwa amepima katikati hadi katikati. Ukafika arobaini kamili, mikono ikatanuka kama bata mzinga anayefukuza wageni, bega likaniuma siku nne. Hilde alinipaka dawa, kisha akaziandika siku zote nne kwenye daftari. Wa tatu ulikuwa na upana sawasawa lakini tumbo nene, haukuingia kwenye shingo. Niliupiga nyundo pale kwenye roshani mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama tunajenga.

Mwezi wa saba ukaingia. Hilde alianza kuniletea picha za chumba cha masista. Kina mapazia ya kijani na kengele pembeni ya kitanda.

Sasa kaa chini, Wilfried, na Monique akushike mkono. Siku moja Hilde alikwenda sokoni akaniacha kwa Rosanne, pale mkahawani kwake, ninywe kahawa. Nilikuwa nimekaa chini ya baiskeli yako, ile uliyoshindia kermesi mwaka wa sabini na moja, ile waliyoining'iniza ukutani kama msalaba. Nikainua macho. Tepu ilikuwa mfukoni. Nikamwambia Rosanne anishikie kiti, nikapanda. Thelathini na nane, katikati hadi katikati. Tumbo jembamba. Rosanne akasema, "Odiel, Wilfried akiuliza, mimi nilikuwa chooni." Tukaufungua kwa spana ya jikoni kwake. Ule wa Mwitaliano ndio uko ukutani sasa, na hakuna mlevi hata mmoja aliyegundua.

Kabla hujanitukana, jiulize: mtu mwenye mabega kama kabati la nguo, kama wewe, alikuwa anafanya nini na usukani wa thelathini na nane? Ulikuwa wangu. Asubuhi ile ya mashindano ulikwenda misa ya kwanza na mama, nami nikabaki bandani nikabadilisha, wangu kwako, wako kwangu, nikazungushia utepe ule ule usitambue. Nilitaka ubanwe pumzi usinishinde mbele ya watu. Ukabanwa kweli, viwiko vikaingia ndani, upepo ukakosa pa kukushika, ukanipita kwenye mita mia za mwisho nikiwa nimetanua mikono kama mtu anayeanika shuka. Miaka hamsini na nne unawasimulia watu jinsi kifua kilivyokuuma siku ile na jinsi Mungu alivyokusukuma. Kumbe ilikuwa ni mimi. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usukani siurudishi.

Hilo lilikuwa jepesi. Lililobaki ndilo lililonikalisha mezani kuandika.

Usukani umenikaa, Femke amepima, Hilde ameitoa karatasi kwenye friji kwa mkono wake mwenyewe. Nikashuka na lifti. Nikaenda vizuri mpaka mawe ya mtaa wa kanisa yalipoanza, na pale mikono ikakataa. Nilishuka nikasukuma. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Sasa ni wiki tatu. Kila siku natoka saa nne, najificha nyuma ya kibanda cha mashua pale mtoni, nakaa saa mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa, najimwagia maji shingoni yawe jasho, narudi. Hilde ananiuliza nimefika wapi, namtajia vijiji. Nimekimbia kioo kimoja, Wilfried, nimejifungia nyuma ya kibanda.

Siku ya kermesi wazee wa chama wanazunguka mara moja kabla ya mashindano, na njia inapita mtaa wa kanisa. Hilde ameshawaambia majirani nitakuwepo. Nisipokuwepo atajua, na chumba cha masista bado hakijapata mtu.

Mimi ndiye mkubwa, na tangu mwaka ule sijawahi kukubali kukaa nyuma ya gurudumu lako, hata tukienda dukani kununua mkate. Njoo. Azima baiskeli yoyote, hata ya kike. Ukifika kwenye yale mawe kaa mbele yangu, polepole, usigeuke nyuma kuangalia kama nipo.

Msalimie Monique. Mbwa mvueni sweta.

Ni mimi kaka yako,
Odiel