Faida, Hukupotelea Sokoni

Mpendwa mdogo wangu Faida,

Sijui kama bado unaitwa jina hilo. Hapa kwetu Kamembe tuliliita kwa sauti kubwa, maana ulikuwa na miguu myepesi na masikio mazito. Ulikuwa na miaka mitatu, mimi kumi na mmoja. Mama akienda kuuza nyanya sokoni, wewe ulikuwa mzigo wangu kutwa nzima. Ulinivuta nywele, ukanikojolea, ukalala mgongoni ukinidondoshea mate shingoni. Nilikupenda na nilikuchoka, vyote kwa pamoja.

Sidhani kama unalikumbuka daraja la Rusizi ya Pili, la mpakani, la kuvukia Kongo. Enzi zile wanawake waliobeba watoto walipitishwa mbele ya foleni, basi asiye na mtoto aliazima. Sisi wasichana tulikaa kando ya barabara na wadogo zetu, tukiwaazimisha kama mtu anavyomwazima jirani mwavuli. Mtoto alivuka mgongoni kwa mama asiyemjua, akarudi baadaye anatafuna kipande cha mkate. Wewe ulishavuka hivyo mara nyingi, na ulikuwa ukinyoosha mikono hata kabla hujaitwa.

Siku ile alikuja mwanamke mwenye beseni la vitunguu. "Unipatie uyu mutoto nivuke naye, minarudi sasa hivi," alisema. Rafiki yangu alikuwa ananisuka, kichwa changu kiko magotini kwake. Sikugeuka hata kumtazama usoni. Nilijibu tu, "Mubebe." Ulinipungia mkono, nikauona kwa pembe ya jicho. Sikukupungia, nilikuwa nasukwa.

Nilingoja mpaka foleni ikaisha, hamkurudi. Kisha nikakimbilia kwa Mama nikamwambia umeniponyoka sokoni, pale pale nyuma ya meza yake. Niliogopa fimbo, Faida. Ni hilo tu, sina sababu nyingine kubwa zaidi ya kukupa.

Watu walikutafuta sokoni, kwenye mitaro, hadi Cyangugu penye mitumbwi. Hakuna aliyevuka daraja kukutafuta. Nami nilitafuta pamoja nao, nikiliita jina lako kwa sauti kuliko wote, na wanawake wakanionea huruma.

Tangu hapo Mama hakuihamisha meza yake. Soko lilipojengwa upya alipewa nafasi nzuri karibu na lango, akaikataa, akaomba kona ile ile yenye maji machafu. "Mutoto wangu atanitafutia hapa," aliwaambia. Kila nilipompelekea chakula nililiona tope lile miguuni mwake, nikanyamaza. Nimenyamaza hivyo mpaka nimekuwa mama wa watoto wawili.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano. Inaanzishwa namba moja ya simu kwa nchi nzima, ya bure, ya kutafuta watoto waliopotea, na wafanyabiashara tuliombwa maoni na mchango. Mimi niliombwa nisimulie habari yako, ile ya sokoni, ili watu waguswe. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha kanisani.

Kabla sijasimama, bwana mmoja kutoka Kigali alieleza mahali pesa zitakapokwenda. Chumba kipo, wapokea simu wapo. Lakini fungu la kushirikiana na watu wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, alikuwa amelifuta. Alisema kwa upole tu: katika kumbukumbu za hapa wilayani Rusizi hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa kuwa alipotelea ng'ambo.

Hakuna, kwa sababu yangu. Mtoto huyo ni wewe.

Nilisimama. Nikasema, "Mimi nilimupeana mudogo wangu kwa darajani. Hakupotelea sokoni. Alivuka." Mama aligeuka kwenye kiti, taratibu sana.

"Alivukaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Na miye minamungojea uku, miaka yote."

Hakulia, hakunitukana. Heri angenipiga ile fimbo ya siku zile. Yule bwana aliandika maneno yangu. Kama fungu litarudishwa, sijui. Nimetoa mchango wangu, na nimeona aibu kuutoa.

Kesho yake Mama alipanga nyanya kwenye beseni bila kunisemesha. Alipofika njia panda hakuelekea sokoni, akateremka kuelekea mpakani. Nilimfuata na meza kichwani. Alinionyesha kwa kidole mahali pa kuitua, kisha akaigeuza mwenyewe itazame Bukavu.

Siombi unisamehe, Mama mwenyewe bado hajaniita kwa jina langu. Naomba tu uvuke. Ukimaliza daraja, tazama mkono wa kulia, meza ya nyanya. Atakayenyoosha mikono kwanza ndiye Mama. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake.

Wako,
Dada yako ambaye hakukupungia mkono