Udongo wa Bwana Shamba Kajetani Hauliwi

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Kajetani Ndunguru, na ndani ya mwaka huo watu wamekula kaburi lako. Hatumumunyi maneno. Wamelila kwa vijiko vya chai, kwa vidole, wengine kwa kulamba kiganja, mkeo Walburga akiwatazama kutoka dirishani, hapa hapa nyumbani Mshangano.

Ulikuwa bwana shamba miaka thelathini na mmoja. Wakulima wa Mpitimbi bado wanaitaja baiskeli yako. Hukupita shamba la mtu bila kuinama: utaokota bonge la udongo, utalifikicha, utalinusa, halafu utatia kidogo ulimini, uteme, ndipo useme, "Hapa mahindi yatakusumbua, mama. Anza na maharage." Mkeo alikuonya kila siku kwamba utapata minyoo. Wewe ukicheka tu.

Na ulikuwa mtu wa kusali. Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, ulikwenda mara mbili na wanakwaya, ukarudi miguu imevimba. Yerusalemu ulikwenda mara moja, na sisi tukaisikia miaka tisa. Kote huko ulipiga magoti kwanza. Ukimaliza, ulichota kiganja kimoja cha udongo, kwa sababu ulitaka kujua watu wa pale wanalima nini. Masista waliokwenda hija Ulaya walikuletea wa Lurdi, wengine wakakuletea wa Fatima, nawe ukautia wote kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na jina lake kwenye kifuniko. Rafiki yako Nassoro wa Nakapanya alipokwenda kuhiji Makka ulimwagiza naye. Akarudi na tende.

"Udongo wa kule haubebwi, bwana Kajetani. Tumekatazwa."

Hukununa. Ulikula tende, ukapanda kokwa zake, hazikuota.

Balaa lilianzia kwa dada yako Leticia. Alikukuta siku moja barazani na kopo la Yerusalemu, udongo ulimini, macho umefumba. Ulikuwa unapima chumvi. Yeye akadhani unapokea baraka, akaondoka kwa kunyata asikusumbue. Laiti angeuliza! Tulipokuzika tu, akalichukua lile kopo, akalamba kwa ajili ya goti lake. Goti likapoa. Vidonge vya hospitali alivyokuwa akimeza wiki ile ile hakuvitaja, akaenda kutangaza kwenye kwaya.

Basi wakaja. Makopo yako yalikwisha kabla ya Pasaka. La Lurdi walilikwangua hadi bati likalia. Baada ya hapo mtu mmoja, hatujui nani na hatutaki kujua, akasema udongo wa mtu aliyefika kote huko nao ni udongo wa hija. Wakahamia kaburini.

Ptuu! Inatutia kichefuchefu hata kuandika. Jumamosi moja iliingia Kosta nzima ya mahujaji, watu wamevaa kitenge sare, wanaimba, wanauliza choo kiko wapi. Walikojoa kwenye kunde zako. Waliacha chupa, maganda ya miwa, na nepi ya mtoto iliyokunjwa vizuri na kuwekwa chini ya msalaba. Getini akasimama kijana na vifuko vya nailoni vya kufungia "udongo wa Mzee". Mama mmoja alimlisha mtoto wake wa mwaka mmoja kijiko kilichojaa, mtoto analia, matope yanamtoka mdomoni, na yeye anamfuta na kumwambia ameze. Mkeo alitoka mbio akampokonya kijiko. Wakamwita mchoyo. Mchoyo wa nini, jamani? Wa mume wake?

Kufika mwezi wa kumi kaburi lilikuwa shimo. Msalaba umelala upande. Paroko alikataza, wakamwitikia vizuri kanisani, jioni wakaja.

Novemba mwanao Otto alifika kutoka Mbinga na fundi na mifuko sita ya saruji. Hatumlaumu. "Mama," alisema, "tukiacha hivi, Krismasi watafikia jeneza."

Mkeo alikwenda akaketi juu ya ile mifuko.

Unajua kwa nini. Siku ya mwisho wodini ulimshika mkono ukamwambia tusikufunike na saruji. Ulisema umezunguka maisha yako yote ukiwaambia watu udongo unapumua, sasa uje uuzibe mwenyewe? Yeye akaapa. Kwa hiyo siku hiyo alikuwa na mawili tu: avunje kiapo chake kwako, au awaache watu waendelee kukula. Alikaa pale tangu asubuhi, amejitanda kanga, hataki chai. Fundi akalala kivulini.

Nassoro naye alikuwa amekuja kutusalimu. Alipoona lile shimo alisema "Astaghfirullah" mara tatu, akavua kofia, akakaa naye chini.

Adhuhuri akatokea Leticia na kijiko chake.

"Wifi, unataka kumzibia kaka yangu?"

"Na wewe unataka kummaliza?"

"Alikuwa akila mwenyewe! Nilimwona kwa macho yangu haya!"

"Alikuwa akionja, Leticia. Akionja na kutema. Ndiyo kazi aliyofanya mpaka akastaafu. Angeonja hata shamba lako, ungelijengea kanisa?"

Leticia akafungua mkoba, akatoa lile kopo la Yerusalemu, tupu, linang'aa, akalisukumia usoni kwa mkeo. "Haya soma! Mkono wa nani huu?"

Mkeo alivaa miwani. Ni kweli ulikuwa mkono wako. YERUSALEMU, kwa herufi kubwa. Na chini yake, kwa penseli, herufi ndogo ambazo dada yako hakuwahi kuhangaika nazo: "Una chumvi. Umechoka. Ongeza samadi."

Alisoma mara ya pili kwa sauti. Halafu, Kajetani, mkeo alicheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu Februari tulipokuzika. Aliinuka kwenye saruji, akaenda moja kwa moja banda la kuku, akarudi na toroli iliyojaa samadi mbichi, yenye moshi. Akamwaga shimoni.

"Mama!" Otto akashika kichwa. "Juu ya baba?"

"Ameandika mwenyewe."

Nassoro alikunja suruali, akachukua koleo. Mpaka alasiri zilikuwa zimeingia toroli kumi na moja, na mvua ya kwanza ikanyesha juu yake. Harufu ilifika barabarani. Leticia alisimama kando, kijiko mkononi, machozi yanamtoka.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Kula ugali, wifi."

Jumamosi Kosta ilikuja. Wa kwanza kuinama alikuwa baba mmoja mnene mwenye rozari shingoni. Alichota kabla hajavuta pumzi, akatia mdomoni. Hatutasimulia zaidi, watoto wanasoma. Waliondoka bila kuimba, na kijana wa vifuko hatujamwona tena.

Saruji tumesakafia banda la kuku. Wewe hujazibwa. Pale kaburini, kutokana na mbegu za jikoni zilizokuwa kwenye ile samadi, yameota maboga. Yametambaa hadi msalabani, majani mapana, kijani cha kutisha. Tumekubaliana hakuna wa kuyachuma, na kila jioni anayekuja kuyang'olea magugu, kwa goti lake lile lile bovu, ni Leticia. Anakusemesha. Hali kitu.

Misa ya kumbukumbu yako itasomwa hapa nyumbani Mshangano, Jumamosi saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa, chakula kipo cha kutosha. Atakayekuja na kijiko, akitumie mezani.

Unakumbukwa na mkeo Walburga, aliyeshika neno, wanao Pamela na Otto, wajukuu zako, rafiki yako Nassoro na familia yake, Nakapanya, na dada yako Leticia, aliyeomba aandikwe wa mwisho, kwa aibu. Kopo la Yerusalemu amelirudisha. Amelijaza udongo wa hapo ulipolala, na chini ya maneno yako ameongeza yake kwa penseli: "Samadi imewekwa, kaka."

Hatutakusahau kamwe.