Pampu Yangu Ilikwenda Magu Bila Mimi

Ijumaa jioni, Kiseke. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, na vumbi la Julai limeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Nimefagia, nikafagia tena, nikaacha. Leo sina nguvu ya kushindana na kitu chochote.

Madaktari wa macho wameondoka. Mama hajafika.

Ningeweza kuishia hapo nikalale. Lakini nina hasira, na nisipoiandika nitaimalizia kwa mtoto, ambaye hajafanya kosa lolote isipokuwa kumwaga uji.

Nianze na gari. Jumatatu niliipeleka pikapu yangu Igogo, kwa Fundi Masanja, kwa sababu pampu ya dizeli ilikuwa inavuja na gari lilikuwa linazima kila nikipanda kilima. Kazi ndogo, alisema. Kesho unaondoka nalo. Nilikuwa nimepanga Jumatano niende kijijini kwetu, mbele kidogo ya Magu, nimchukue mama, Alhamisi nimpeleke hospitali. Madaktari hao wanatoka nje, wanakuja mara moja kwa mwaka, wanafungua macho ya watu wenye mtoto wa jicho, halafu wanafunga masanduku yao wanaondoka. Ijumaa ilikuwa siku yao ya mwisho.

Mama haoni tena isipokuwa vivuli. Anajua mtu amesimama mlangoni, hajui ni nani mpaka aseme shikamoo. Mwaka jana alikataa katakata kupasuliwa. Alisema jicho si jipu. Nimembembeleza tangu wakati huo, kila nikipeleka dagaa mnada wa Magu nilikuwa nakatiza kwake kumbembeleza tena. Kilichomlainisha si maneno yangu. Ni Neema, binti yangu, ambaye ameanza kuota meno. Mama ana mwanya mbele, na anataka kuona kwa macho yake kama mjukuu ameurithi. Nikamwambia, basi mama, njoo uone. Akakubali.

Nilimtumia ujumbe kwa kondakta wa basi la Musoma: ajiandae, nakuja na gari.

Jumanne nikaenda Igogo. Fundi Masanja ana kesho nyingi kuliko spana. "Dada Doto, ni mambo ya sili hizi za kuzuia dizeli isivuje, zinatoka Dar. Kesho, tena mapema." Jumatano, kesho tena. Akanikaribisha chai, akaniuliza habari za mtoto, akafuta mikono kwa tambara hadi nikajisikia vibaya kumsumbua mtu mwema namna ile. Nikarudi nyumbani nikabadilisha mipango: Alhamisi asubuhi nitachukua gari, nitaenda na kurudi siku hiyohiyo, Ijumaa mama atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ilikuwa inabana, lakini ilikuwa inawezekana.

Alhamisi sikusubiri chai. Nilifika gereji fundi akiwa bado anafungua kufuli, nikanyanyua boneti mwenyewe.

Pampu haikuwepo.

Pale ilipokuwa imefungwa palikuwa na shimo, na mipira miwili imezibwa kwa vipande vya gunzi. Nilidhani imeibwa. Nilianza kupiga kelele, na fundi akaniwahi, mikono juu, akisema dada, dada, haijaibwa, ipo, anayo Kulwa.

Kulwa ni pacha wangu. Yeye alitangulia, mimi nikafuata, ndiyo maana yeye ni Kulwa na mimi ni Doto kama mapacha wote wa Usukumani. Magari yetu ni ya aina moja, hata mwaka wa kutengenezwa ni mmoja, na hilo nalo ni kazi ya mama. Nilipopunguzwa kazini na kununua pikapu kwa kiinua mgongo changu, mama aliuza ng'ombe ili Kulwa naye apate kama yangu. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Tulipokuwa wadogo, mmoja akichapwa mwingine anaitwa aje achukue chake. Mmoja akiumwa malaria, wote tunameza dawa chungu. Nimekula vidonge vingi vya Kulwa.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu hiyohiyo usiku pampu ya Kulwa ilikufa kabisa. Tangu ununuzi wa pamba ufunguliwe kwa watu binafsi, yeye amepata tajiri anayemtuma vijijini na mizani na karani, na vijijini siku hizi anayefika wa kwanza ndiye anayenunua. Tajiri alimwambia asipoondoka Jumanne, kuna wengine wenye magari. Basi Kulwa akaenda kwa fundi wetu, akaikuta yangu imekwisha kutengenezwa, inasubiri kufungwa. Ndiyo, imekwisha. Hakukuwa na sili yoyote ya Dar. Jumanne pampu yangu ilikuwa nzima, na Jumanne ikaondoka.

Nilimuuliza Fundi Masanja alimpaje mtu mwingine kitu changu. Alinishangaa. Sioni kama alikuwa anaigiza. "Mtu mwingine yupi? Ninyi ni pacha! Kulwa akishasema, si Doto naye amesema? Ningemnyimaje, dada, mimi nina watoto." Kumnyima pacha, kwa fundi, ni kujitafutia mkosi. Hakuona kama ameazima. Aliona ametoa kitu mfuko wa kushoto akakitia wa kulia.

Na uongo wa sili je? Hapo aliinama. Kulwa alimwomba asiniambie, kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi.

Lakini alikuwa ameniachia maneno. "Alisema usihangaike. Anapita kulekule, mama atamleta yeye."

Nikafurahi. Naliandika hili huku uso unaniwaka. Hasira yote ikashuka kama maziwa yaliyoepuliwa motoni. Nikaona kumbe Kulwa amepiga hesabu zake vizuri: pampu moja, safari moja, pamba na mama. Nikamlaumu kidogo kwa kutoniambia, basi. Saa hiyo basi la Musoma lilikuwa bado stendi likijaza abiria. Ningepanda ningefika kwa mama mchana, ningelala kwake, tungerudi Ijumaa alfajiri. Sikupanda. Nilikwenda hospitali kumwomba nesi amwekee mama nafasi, nikapita sokoni kununua samaki anaowapenda, nikatandika kitanda. Kulwa amesema atamleta. Kwangu mimi hilo lilitosha. Maisha yangu yote limetosha.

Leo tangu asubuhi nimekaa kwenye benchi la hospitali na Neema mapajani. Wazee waliingia wameshikwa mkono, wakatoka na bandeji. Bibi mmoja wa Ukerewe aliyefanyiwa Jumatano alifunguliwa bandeji mbele yetu, akatazama mikono yake juu chini, juu chini, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi!" Watu wote tukacheka, na yeye akacheka kuliko sisi. Nilikuwa nageuka kila gari likiingia getini.

Mchana nesi alikuja akaniambia kwa upole kwamba wanafungasha. Nilimwomba wasubiri. Unawaombaje watu wenye ndege wasubiri pikapu? Niliomba tu.

Kulwa amekuja jioni hii. Peke yake. Nywele zimejaa nyuzi za pamba, macho mekundu kwa vumbi, na pampu yangu ameifunga kwenye kiroba ameiweka mlangoni. "Pole, pacha," akasema, akanawa mikono, akakaa mezani. Alikuwa na njaa kweli. Alikuwa amelala kwenye foleni ya kiwanda cha kuchambua pamba akisubiri kupakua.

Nilimuuliza mama yuko wapi.

Akasema nafasi haikuwepo. Mbele alikaa karani na mtu wa tajiri, nyuma pamba hadi juu ya kichwa cha gari. "Ulitaka nimweke mama juu ya mafurushi? Adondoke?" Alisema hivyo kama mtu aliyenusuru maisha ya mama.

Nikadhani hakupita kabisa. Nilitamani iwe hivyo. Kumbe alipita. Jana jioni alimkuta mama barabarani, amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake la kanisani, na kifurushi cha nguo magotini. Alikuwa anasubiri gari langu tangu Jumatano, jua likizama anarudi ndani, kukikucha anatoka tena. Aliposikia mlio wa pikapu akasimama. Mama hajui kutofautisha mlio wa gari langu na la Kulwa, na jana alikuwa sahihi kwa namna fulani, maana kilichokuwa kinanguruma mle ndani ni changu.

Kulwa hakuzima hata injini. Alimwambia gari la Doto ni bovu.

"Sikumdanganya," akaniambia, akikata tonge. "Gari lako si bovu?"

Na mama akajibu hivi, Kulwa mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa kujivuna kidogo: "Mwambie Doto pole na gari. Afadhali wewe mwanangu umekumbuka kupita." Halafu akabeba kigoda chake. Wakati anaelekea nyumbani akasema labda Mungu hataki macho yake yafunguliwe, na asisumbuliwe tena na habari za kupasuliwa.

Nilimuuliza Kulwa kama alimwambia mama habari za pampu. Akacheka. Alicheka kweli, na ugali mdomoni. "Ya nini kumsumbua mama na mambo ya spea?"

Mambo ya spea.

Sikumfukuza. Nilimwongezea mboga, kwa sababu mkono wangu umezoea kumwongezea Kulwa mboga kabla kichwa hakijafikiri. Akala samaki wa mama. Akambeba Neema, akamrusha juu, Neema akacheka na kuonyesha meno yake mawili yenye nafasi katikati. Kulwa akasema, "Huyu kachukua mwanya wa bibi!" Alikuwa wa kwanza kuliona hilo na kulisema kwa sauti. Ilibidi niende jikoni.

Nimejaribu kuwa mtu wa haki. Najua tajiri angemwacha. Najua ana watoto watatu na mke mjamzito, na msimu wa pamba ni mfupi. Angekuja Jumanne akaniambia, Doto, nimekwama, nipe pampu yako, ningempa. Walahi ningempa, kisha ningepanda basi kumfuata mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuninyang'anya pampu. Aliniibia nafasi ya kumpa, na pamoja nayo akaniibia siku zangu zote za wiki, na mwisho akanichukulia hata sura yangu mbele ya mama. Kule kijijini usiku huu mimi ndiye mtoto asiyefika, na yeye ndiye aliyekumbuka kupita.

Fundi naye amenisaliti, lakini huyo nitagombana naye Jumatatu na yataisha. Pacha unagombana naye ukae upande gani?

Nimeshaamua, na nimeamua kwa utulivu, labda kwa sababu nimelia tayari. Pampu ikae hapo kwenye kiroba. Kesho nitapanda basi la Musoma na Neema mgongoni. Nitamwambia mama ukweli wote kabla sijaketi, hata kama atasema ninamchongea mwenzangu, hata kama atataka twende kwa wazee tukapatanishwe kwa sababu mapacha hawagombani. Atasema hivyo, namjua. Nitamwacha aseme. Kisha nitachukua kifurushi chake, ambacho nina hakika hajakifungua, nitarudi naye hapa Kiseke. Ataishi na mimi mpaka madaktari warudi. Hata ikiwa ni mwaka mzima, hata akinikatalia mwaka mzima, asubuhi watakayofungua mlango wa hospitali atakuwa anakaa umbali wa kutembea kwa miguu, na hatutahitaji gari la mtu yeyote. Hadi wakati huo atamjua mjukuu wake kwa vidole.

Kulwa ameondoka sasa hivi. Mlangoni aliniuliza, kama anavyoniuliza kila Ijumaa tangu tuanze kujitegemea, kesho una mpango gani, pacha?

Nikamwambia sina.