Zamu ya Usiku Mutakura

Nairobi, 3 Februari 2025

Mama mpenzi,
Natumaini goti limepoa na wote hapo wameamka vizuri. Mimi ni mzima. Shirika letu limeniagiza niulize watu wa hapo kwenu Mutakura kama dispensari iendelee kupokea wanaojifungua usiku. Nimeuliza kwa mtandao. Kwa wiki moja nimepata majibu mia tatu, bila nauli wala mtu wa kuzunguka. Karibu wote wanasema usiku hauna haja. Nikikabidhi ripoti hivyo, zamu ya usiku itafungwa.
Binti yako, Fabiola

Mutakura, 9 Februari

Mwanangu,
Goti linaniruhusu kutembea, Mungu asifiwe. Hapa ni mvua tu. Maswali yako yalifika kwenye grupu ya korali. Jérémie anayetuongoza alijaza wa kwanza, akatutumia picha ya majibu yake ili tuimbe sauti moja, nayo ikazunguka grupu zote za mtaa. Nilimuuliza: "Jérémie, we ulizaa lini?" Alicheka. Kumbe alifikiri ni mtihani, hakutaka mutu wetu aanguke.
Na wauza ndagala, wale mamá wa samaki wadogo wa ziwa, ndio wanaokwenda kuzaa usiku, simu zao ni za kupiga tu. Nani aliwauliza?
Maman yako

Nairobi, 12 Februari

Mama,
Pole na mvua. Nimetazama tena: majibu yanafanana yote, isipokuwa kisanduku cha mwisho, cha maoni. Humo watu kumi na mmoja wameandika, bila majina, kwamba mkunga wa dispensari huwapiga makofi wakiwa katika uchungu. Nimemwambia mkubwa wangu hesabu yangu haifai. Hakufurahi, ila ameniongezea muda. Tafadhali zunguka kwa wauza ndagala, kisha uulize wote kuhusu mkunga.
Fabiola wako

Mutakura, 26 Februari

Mwanangu,
Tuko salama. Nimezunguka. Wauza ndagala wote wanataka usiku. Kuhusu mkunga, kila mmoja ananiambia anapokea watu vizuri. Hata Elysée wa korali: "Apana, Maman, hajanigusa." Siku anazaa, alipigwa nikiwa nimemshika mkono.
Maman yako

Nairobi, 20 Machi

Mama,
Habari za afya? Mkubwa alitaka hesabu moja. Nimempa mbili: ya usiku kutoka kwako, ya mkunga kutoka mtandaoni, na kasoro za kila moja. Zamu inabaki. Mkunga anahamishwa.
Binti yako

Mutakura, 2 Aprili

Mwanangu,
Tu wazima. Mkunga mupya amefika. Jana Elysée alikuja, akasimama mlangoni, akauliza kama ni mimi niliyesema. Nilimwambia kuna watu waliandika, majina hayajulikani. Akasema: "Mmoja ni mimi."
Nikamkaribisha chai.
Maman yako